MESAJI YA DISPANSERI HAIKUFIKA: TUSOME DAFTARI LA MASHINE



Mfanyakazi mmoja wa chini ya udongo alileta makohozi yake dispanseri yapimwe kifua kikuu. Majibu yalipotoka tulimwita kwa mesaji ya telefoni. Hakuja. Tukasema: huyu ni mkaidi. Baada ya majuma matatu alikuja mwenyewe, amekonda, ana hasira: «Munganga, muliniita siku gani?» Wakati huo wote alikuwa akikohoa katika chumba kimoja na bibi yake na watoto wanne.

Ndipo nilifungua daftari ambalo programu ya mesaji inajiandikia ndani ya ordinateri. Kila mesaji ina mstari wake: siku, saa, numero, na mwishoni neno fupi la Kiingereza. Kwenye mstari wa ndugu huyu liliandikwa UNDELIV, maana yake haikuweza kufika. Neno lile lilikuwa pale tangu siku ya kwanza. Nikahesabu numero: nyuma ya 243 kulikuwa tarakimu 8, na katika inchi yetu lazima ziwe 9. Moja niliiruka mimi, kwa mkono wangu.

Sisi tulizoea kuona «imetumwa» kwenye kioo, tukafunga. Kumbe kutumwa ni kutoka kwetu tu, kama barua iliyotiwa katika sanduku la posta.

Neno EXPIRED ni jambo lingine. Numero inaweza kuwa nzuri, lakini telefoni ilizimwa au ilikuwa mbali na rezo hata muda wa kungoja ukaisha. Hapo tunatuma tena, saa mtu anapotoka kazini.

DELIVRD ni telefoni imepokea. Haisemi kama mwenyewe amesoma! Na kama uliuza telefoni pamoja na numero yake, aliyepokea ni mwingine. Ndiyo sababu jina la ugonjwa hatuliandiki kamwe katika mesaji.

Tena muangalie saa. Daftari letu linafuata saa ya Greenwich, na Lubumbashi tuko mbele kwa masaa 2. Niliwahi kubishana na mama mmoja kwa ajili hiyo, naye ndiye alikuwa na haki.

Sasa kila asubuhi, mbele ya kufunga vidonda, tunasoma mistari ya jana. Asiyefikiwa kwa siku mbili tunampelekea karatasi iliyofungwa, mkononi mwake. Wewe nawe, ukibadili numero, pita dispanseri uitaje tarakimu kwa tarakimu, kisha umwambie munganga akusomee alichoandika. Ukipenda, utuachie na numero ya bibi yako, kama naye anakubali.

Ndugu yule ameanza dawa zake za miezi 6. Bibi na watoto tuliwapima wote. Yule mdogo wa mwisho tunamfuata bado.