Kijana Aliyepotea: Je, Alikuwa Anamtafuta Nani?



Wiki iliyopita, baada ya kikao cha vijana hapa Bagara, binti mmoja alinifuata pembeni. Sauti yake ilikuwa ya chini kama ya mtu anayekwenda kuungama. "Kaka," akaniambia, "eti kusoma simulizi za upelelezi ni dhambi?" Kumbe kuna simulizi anaifuatilia kwenye grupu la WhatsApp, sehemu moja kila usiku. Inahusu msichana wa miaka 16 aliyetumwa mashine kusaga mahindi na hajarudi mpaka leo. Sehemu ya 23 ilikatwa mahali pabaya (si mnawajua watunzi wetu!), na yeye akapitiwa na usingizi bila kusali.

Nilimjibu kwamba kusoma siyo dhambi. Hilo la kulala bila kusali tulizungumze siku nyingine. Ila swali lake limenikaa kichwani wiki nzima, kwa sababu mimi mwenyewe nazipenda hizo hadithi, na nina sababu zangu ambazo nitazisema huko mbele. Basi leo somo letu ni hilo: hadithi ya kijana aliyepotea. Kaa karibu na Biblia yako, fungua Luka 2:41-52, usome taratibu kabla ya kuendelea. Mimi nasubiri.

Umeshasoma? Haya.

Hadithi za aina hii huwa na njia moja. Mwanzoni watu wote wanauliza swali la mahali: yuko wapi? Nani alimwona mwisho? Alivaa nini? Alipanda gari gani? Mpelelezi akija anauliza hayo hayo, lakini akiwa mpelelezi mzuri anageuza swali. Anaacha kuuliza juu ya njia, anaanza kuuliza juu ya mtu. Alikuwa anapenda nini? Aliacha kuongea na nani? Hapo ndipo nyumba nzima inanyamaza, maana baba, mama na ndugu wanagundua kwamba waliishi na mtu wasiyemjua. Wazee wetu waliosoma vitabu vya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kuanzia *Mzimu wa Watu wa Kale* cha mwaka 1960, wanamkumbuka Bwana Msa na kiko chake. Yule bwana hakuwa mtu wa kukimbizana na magari. Alikaa, akavuta kiko, akasikiliza watu wanavyoongea.

Sasa rudi kwa Luka. Hii ni habari ya kijana aliyepotea, na ina kila kitu. Familia imetoka Nazareti kwenda Yerusalemu kwenye Pasaka, safari ya zaidi ya kilomita 100 kwa miguu. Mtoto ana miaka 12. Sikukuu inaisha, msafara unaondoka, yeye anabaki. Na wazazi wanatembea siku nzima bila kujua! Hapa mimi huwa nasimama. Hawa si wazazi wabaya. Ni Bikira Maria na Mtakatifu Yosefu, tunaowaomba kila siku watuombee. Ilikuwaje? Luka anasema walidhani yumo kwenye msafara. Mama labda alifikiri yuko mbele na wanaume, Yosefu akafikiri yuko nyuma na akina mama. Luka hasemi hivyo, ni mimi nawaza tu, lakini yeyote aliyewahi kusafiri na ukoo kwenda kwenye harusi anajua inavyokuwa. Kila mtu ana uhakika mtoto yuko na mwingine.

Halafu wanamtafuta kwa ndugu na watu wanaofahamiana nao, hayupo. Wanarudi mjini. Siku ya tatu wanamkuta hekaluni, ameketi katikati ya walimu, anasikiliza na kuuliza maswali. Mama anamwambia jinsi walivyohangaika. Na mtoto naye anajibu kwa swali: kwa nini mlikuwa mnanitafuta, hamkujua kwamba imenipasa kuwa kwa Baba yangu? Luka ni mkweli sana hapo, anaandika kwamba hawakuelewa.

Sisi tunapolisali tendo hili, la tano katika matendo ya furaha, Jumatatu na Jumamosi, tunapita haraka kwa sababu tunajua mwisho wake. Jaribu kulisali kama mtu asiyejua mwisho. Siku tatu, usiku wa kwanza, wa pili. Nani kati yenu ana mama ambaye angelala?

Angalia fumbo linavyofumbuliwa. Wazazi walitafuta mahali: msafarani, kwa ndugu, mjini. Jibu la mtoto halikuhusu mahali peke yake. Lilimhusu Baba. Ni kama kusema, mngejua namtafuta nani, mngejua pa kuja. Na nisieleweke vibaya: Yesu hajatoa ruhusa ya kutoroka nyumbani. Alikaa mahali pa wazi, kati ya watu wazima wenye heshima, hakujificha, na alipokutwa alirudi Nazareti akawatii. Asije mtu akaniambia "kaka, hata Yesu alichelewa kurudi" baada ya kukesha kwenye disko la Babati mjini.

Kuna riwaya nataka niwatajie hapa, *Siku Njema* ya Ken Walibora, Mkenya, iliyotoka mwaka 1996. Siyo ya upelelezi, hakuna polisi wala maiti chini ya kitanda. Kijana anayesimulia amezaliwa Tanga, mama yake ni mwimbaji wa taarabu. Mama anafariki, kijana anabaki na ndugu, na maisha yanakuwa machungu. Baba yake hamjui. Anachojua ni jina, na kwamba yuko Kenya. Basi anaondoka kwenda kumtafuta. Sitawaharibia utamu wa mwisho wake, kitabu kipo, tafuteni. Ila fikiria ungekuwa jirani yao kule Tanga. Ungeona nini? Ungeona kijana katoroka. Ungesema watoto wa siku hizi hawana shukrani. Kumbe yule kijana, kwa macho yake mwenyewe, hajapotea hata kidogo. Aliyepotea ni baba, na yeye ndiye mpelelezi.

Upande wa pili yupo Zakaria, baba wa Rosa katika *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. (Jina hilo ni la Mama yetu, lile la kwenye Litania, Waridi lenye Fumbo.) Zakaria anamlinda binti yake kwa ukali na fimbo mpaka binti hana mtu wa kuongea naye. Rosa anaendelea kuonekana pale nyumbani Ukerewe, anakula, anafanya kazi, lakini baba ameshampoteza. Kitabu hicho kiliwahi kuzuiwa mashuleni. Ni kizito na mwisho wake unaumiza, kwa hiyo msomee pamoja na mtu mkubwa mnayeaminiana.

Sasa sababu zangu.

Mwaka 2013 mdogo wangu alikuwa na miaka 15, kidato cha pili. Mama yetu alikuwa anauza mboga sokoni. Baba alikuwa ameenda Mererani kwenye tanzanite tangu mdogo wangu yuko darasa la tatu. Mwanzoni alikuwa anatuma hela, baadaye simu tu, baadaye na simu ikawa haipatikani. Nyumbani jina lake likaacha kutajwa. Hatukukubaliana kulinyamazia, lilikuja tu lenyewe.

Jumanne moja mdogo wangu akaondoka na begi la shule. Mama alijua amepitia kwa bibi Galapo, maana alikuwa na kawaida hiyo. Bibi naye alijua yuko kwetu. Ilikuwa Alhamisi jioni ndipo tulipojua hayupo popote. Siku mbili! Mnaona kwa nini siwezi kuwacheka wale wa msafarani?

Tulianza na ziwa. Kwa mtu wa Babati, mtoto asipoonekana moyo unakimbilia ziwani, kwa sababu ya maji na kwa sababu ya viboko. Wanaume wa jumuiya yetu walizunguka ukingoni na tochi usiku ule. Asubuhi tukaenda polisi, hospitali, stendi. Mama mmoja wa jumuiya akawa anakuja kila jioni kusali rozari na Mama yetu, na akifika tendo la tano sauti inamkatika. Siku ya tano ndipo nikamkumbuka rafiki yake, kijana aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha stendi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu. Tulikuwa tumeuliza wakubwa tu. Akaniambia bila kusita, "Aliniuliza nauli ya Arusha, na pale Arusha unapandia wapi gari za Mererani."

Nilijisikia mjinga kabisa. Kwa sababu wiki kama tatu kabla, usiku, umeme umekatika, aliniuliza, "Kaka, hivi baba akirudi atanitambua?" Na mimi nikamwambia aache maswali, alale, kesho shule.

Miaka hiyo ukuta wa Mererani ulikuwa haujajengwa bado (ulizinduliwa 2018), mtu alikuwa anaingia tu. Mimi na baba mdogo tulimpata siku ya tisa, anachekecha mchanga na vijiwe vilivyotupwa kutoka mgodini, pamoja na watoto wengine wa umri wake na wengine wadogo zaidi. Mnaweza kuwa mmesikia habari za watoto waliokuwa wakiitwa "nyoka", wale waliotumwa kupita kwenye matundu ambayo mtu mzima hapiti. Yeye alikuwa hajashuka. Namshukuru Mungu kila siku kwa hilo.

Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza njia nzima. Nilipofika nikasema kitu kimoja tu, kwa nini umetufanyia hivi? Akanitazama, akasema, "Ninyi mlikuwa mmeacha kumtafuta."

Baba hatukumpata siku ile. Mdogo wangu alirudi Bagara, akarudia kidato cha pili, sasa ni fundi seremala na ana mtoto. Jina la baba tukaanza kulitaja tena mezani.

Nimalizie na habari ya huyo mwandishi wa *Siku Njema*, maana inanigusa. Ken Walibora aligongwa na gari la abiria Nairobi tarehe 10 Aprili 2020. Ilikuwa Ijumaa Kuu. Watu wake hawakujua yuko wapi. Mtu ambaye vitabu vyake vimesomwa na wanafunzi wengi sana, sauti yake iliyojulikana kwenye taarifa ya habari, alilala chumba cha maiti cha Hospitali ya Kenyatta Pasaka nzima, mpaka alipotambuliwa tarehe 15. Ukisali tendo la tano, mtaje na yeye, pamoja na wote ambao hadi leo hawajajulikana walipo.

Mambo ya kufanya sasa, kwa ufupi. Mtoto asipoonekana, usisubiri "mpaka yapite masaa 24", nenda polisi saa hiyo hiyo. Ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116 ni ya kupiga bure kwa mambo ya watoto, na hata wewe kijana mwenyewe unaweza kuipiga kama nyumbani hapakaliki. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambaye hajatimiza miaka 18 ni mtoto, hata kama ana ndevu. Na waulizeni marafiki zake, wauza mayai, wapiga debe, watoto wenzake, siyo wazee peke yao. Picha uliyoirusha kwenye magrupu, akipatikana, ifute na uwaombe wengine waifute. Kuna mabinti wanarudi nyumbani salama halafu picha ya "ANATAFUTWA" inawafuata miaka mitano.

Kwa kikao cha Jumamosi, kila mmoja aje amejiandaa na haya. Katika Luka 2:41-52, ni nani aliuliza maswali na ni nani aliyasikiliza? Nyumbani kwenu, kuna jina gani limeacha kutajwa? Na mtu wa nyumbani kwako alikuuliza nini hivi karibuni ukamwambia alale?

Hilo la tatu usilijibu mbele za watu. Nenda kamjibu aliyekuuliza. Nakala yangu ya *Siku Njema* iko kwa yule binti wa simulizi, ameahidi kuirudisha akimaliza, na baada yake anayeitaka aniambie nimwandike.