Ukitoka Kuzama, Usikimbilie Ndege

Abiria wa Diani akiwaza hewa ya ndani ya ndege huogopa kwanza kikohozi cha jirani. Hofu hiyo si ya bure, ila kwenye ndege kubwa za kisasa hewa hubadilishwa kila dakika mbili tatu, na inayozungushwa tena hupitia chujio linalonasa hata chembe za virusi. Kinachosahaulika ni kwamba hewa yenyewe ni nyepesi.

Ndege kubwa ikiwa juu kabisa, hewa ya ndani huwa kama ya mlima wa futi 6,000 hadi 8,000. Mwenye afya njema atachoka kidogo na kukaukwa koo, basi. Lakini kwa mwenye selimundu, ugonjwa tulio nao sana huku Pwani, upungufu huo wa oksijeni unaweza kuamsha maumivu makali. Amwone daktari kabla ya kukata tiketi, tena aulize aina ya ndege. Cessna Caravan na ndege ndogo za aina yake hazina mfumo wa kutunza mgandamizo: zikifika futi 10,000, mapafu yako nayo yako futi 10,000.

Wanaopaswa kuwa makini kuliko wote ni wanaokula kwa mtungi, yaani waongozaji wa wapiga mbizi wa Diani na Shimoni. Ukizama, naitrojeni huyeyuka mwilini. Ukipanda juu kabla haijatoka, hufanya mapovu kwenye damu na maungio, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Baada ya mbizi moja ya kawaida subiri angalau saa 12. Ukizama mara kadhaa, angalau 18. Wala usidhani treni itakuokoa. Nairobi iko zaidi ya futi 5,000 juu ya bahari, kwa hiyo kuzama Kisite asubuhi na kupanda treni ya SGR mchana ni hatari ile ile. Ukipata ganzi, kizunguzungu au maungio kuuma, mwambie daktari waziwazi kwamba ulizama, la sivyo atakupima malaria akurudishe nyumbani.

Wahudumu wa ndege wana la kwao. Ndege nyingi za jeti huvuta hewa ya abiria kupitia injini, na sili zikichakaa mvuke wa mafuta hupenya ndani, ukinuka kama soksi zilizovunda. Boeing 787, ambazo Kenya Airways ilianza kuzipokea 2014, huvuta hewa ya nje kwa mashine za umeme, si kupitia injini. Wataalamu bado wanabishana kuhusu madhara ya muda mrefu ya mvuke huo, na katika ubishi huo anayeumia ni mfanyakazi asiye na karatasi. Ukisikia harufu hiyo, mjulishe rubani papo hapo. Mkitua, andika saa, namba ya safari na dalili zako, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri wa Kenya akishaarifiwa ajali atoe ripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7. Taarifa yako ipeleke kwa mwajiri kwa maandishi, na nakala iliyopigwa muhuri ukae nayo mwenyewe.