Mstari Hupita, Nukta Hazisogei: Vitenzi vya Grafu katika Maabara ya Shule

Mwanafunzi wa sekondari wa Eringeti, kwenye barabara ya taifa namba 4 kati ya Oicha na Komanda, huandika ripoti ya maabara kwa Kifaransa, lakini hubishana na wenzake juu ya grafu kwa Kiswahili au Kinande. Mimi ni mzaliwa wa huko, na kwa kuwa ninasoma isimu, hutega sikio nisikie vitenzi vyao. Wengine husema "tuunge nukta". Wengine husema "tunyooshe mstari". Wachache husema "tupitishe mstari kati ya nukta". Hoja yangu ni kwamba kila kitenzi kinaelekeza mkono kufanya kazi tofauti, na kimoja tu ndicho kinachofaa.

Tuchukue mfano. Tuseme tumetundika mizigo ya gramu 100, 200, 300 na 400 kwenye springi, nayo ikarefuka kwa sentimita 2,1, 3,9, 6,2 na 7,8.

Kuunga ni kushikanisha vitu viwili viwe kimoja. Anayeunga nukta haachi hata moja nje, hivyo anapata mstari uliovunjika-vunjika, kana kwamba springi hubadili tabia kila gramu 100. Kosa dogo la kusoma rula linageuka kuwa sheria ya maumbile.

Kunyoosha kuna hatari zaidi. Kinachonyooshwa ni kile kilichopinda, na hapa kilichopinda ni vipimo vyenyewe. Mwanafunzi anafuta 6,2 na kuandika 6,0 ili grafu ipendeze. Ripoti inapata alama nzuri, lakini jaribio limekufa.

Kupitisha ni kauli ya kusababisha ya kupita. Kinachopita ni mstari. Nukta zinabaki zilipo. Umbali wa wima kutoka kila nukta hadi kwenye mstari tuuite baki. Kanuni aliyoichapisha Legendre mwaka 1805 inasema: zidisha kila baki kwa lenyewe, jumlisha, kisha chagua mstari wenye jumla ndogo kabisa. Kwa vipimo vyetu, mstari huo unapanda sentimita 1,94 kwa kila gramu 100, kuanzia 0,15. Mabaki ni 0,01, -0,13, 0,23 na -0,11. Yanapanda na kushuka bila mpango, na jumla yake ni sifuri. Mstari ulionyooka unatosha.

Mabaki yakiwa na mpango, yaani hasi mwanzoni, chanya katikati na hasi tena mwishoni, tatizo ni umbo la mstari tuliouchagua. Mfano mashuhuri uko Tanzania. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yale yaliyopoa. Aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, naye akapima. Mwaka 1969 walichapisha makala pamoja. Katika vipimo vya Osborne, maji yaliyokawia zaidi kuanza kuganda yalikuwa yale yaliyoanza na nyuzi 25 hivi. Yaliyokaribia nyuzi 90 yalianza kuganda kwa muda mfupi zaidi. Grafu inapanda, kisha inashuka. Wataalamu wanabishana hadi leo kuhusu sababu, na hata kama jambo lenyewe hutokea kila mara. Lakini mwenye kunyoosha nukta zile asingepata hata la kubishania.

Kwa hiyo naomba sisi tunaotunga istilahi tusiishie kwenye nomino. "Mstari wa mwelekeo" ni jina zuri, ila halimwambii mtoto afanye nini na penseli. Faharasa iandike sentensi nzima: pitisha mstari kati ya nukta, pima mabaki, usisogeze nukta. Huko kwetu, ambako vita vimekatiza masomo mara nyingi na vifaa ni haba, vipimo vinne vilivyopatikana kwa shida havistahili kufutwa kwa sababu ya kitenzi.