SAFARI YA LIKIZO KWENDA UNGUJA: KWA NINI MELI HUELEA, NA KWA NINI HUPINDUKA

Kila ifikapo likizo, wanafunzi wengi wa Dar es Salaam hupanda meli kwenda Unguja, mwendo wa kilometa 70 hivi. Ni safari ya kustarehesha, hasa bahari inapokuwa shwari. Hata hivyo, msafiri huyo amekanyaga sitaha ya chombo cha chuma chenye uzito wa mamia ya tani, ilhali msumari wa chuma hicho hicho ukitupwa majini huzama mara moja. Makala haya yanaeleza kwa nini meli huelea, na kwa nini chombo kinachoelea vizuri huweza kupinduka ghafula.

Msukumo wa maji

Archimedes, aliyeishi Syracuse katika karne ya 3 kabla ya Kristo, aligundua kwamba kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa kani iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyahamisha. Msumari huhamisha maji machache, yenye uzito mdogo kuliko wake. Meli ni ganda lililojaa hewa. Hivyo huhamisha maji mengi, nayo hudidimia mpaka uzito wa maji hayo ulingane na wake.

Tuchukue mfano wa chombo chenye umbo la sanduku, urefu meta 20 na upana meta 5. Wakipanda abiria 200, kila mmoja akiwa na kilo 70 pamoja na mzigo wake, uzito unaoongezeka ni kilo 14,000. Meta moja ya ujazo ya maji baridi ina kilo 1,000. Kwa hiyo chombo kitadidimia sentimeta 14. Katika maji ya bahari, yenye kilo 1,025 hivi kwa kila meta ya ujazo, kitadidimia sentimeta 13.7.

Ndiyo maana ubavuni mwa meli huchorwa alama zinazoonyesha mwisho wa kupakia, zikitofautisha maji baridi na maji ya chumvi. Alama hizo zina jina la Samuel Plimsoll, mbunge aliyezipigania hadi zikawekwa katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1876.

Mahali pa uzito

Msomaji atauliza: ikiwa watu 200 hukididimiza chombo sentimeta 14 tu, hatari iko wapi? Jibu ni kwamba haitoshi kujua uzito ni kiasi gani. Lazima tujue umekaa wapi.

Uzito wote wa meli huvuta chini kupitia kitovu chake cha uzito. Msukumo wa maji nao hupanda kupitia kitovu cha sehemu iliyozama. Meli ikienda mrama, sehemu iliyozama hubadilika umbo, na kitovu cha msukumo huhamia upande ulioinama. Ikiwa kitovu cha uzito kiko chini, kani hizo mbili huirudisha meli wima. Lakini abiria na shehena wakijazana sitaha ya juu, kitovu cha uzito hupanda. Kikipita kiasi, kani zile zile huzidi kuilaza meli. Mabaharia wetu walilijua jambo hili tangu kale, ndiyo maana huweka farumi chini ngamani chombo kinapokuwa kitupu.

Maji yakiingia ndani hatari huongezeka, kwa kuwa kila chombo kinapoinama hukimbilia upande wa chini.

Haya si mambo ya vitabuni tu. MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na mamia ya watu wakafa. MV Spice Islander I, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama tarehe 10 Septemba 2011. Kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na zaidi ya watu 200 wakafa. Vyombo vyote vitatu vilikuwa vimebeba watu kupita kiasi.

Jaribio

Chukua kopo refu lenye kifuniko. Tia mchanga kwenye mfuko mdogo, uweke ndani ya kopo chini kabisa, ulifunike, kisha ulieleze wima katika ndoo ya maji. Punguza au ongeza mchanga mpaka litulie. Sasa toa mfuko huo huo, ufunge juu ya kifuniko, na ujaribu tena. Uzito haukubadilika, lakini kopo litapinduka.

Kwa msafiri

Usipande chombo kilichokwisha kujaa, hata kama ni cha mwisho siku hiyo. Jua mahali yalipo maboya. Gati inapoonekana, msikimbilie nyote ubavu mmoja. Bakini mahali penu mpaka chombo kifungwe.

Maswali

1. Meli ikitoka baharini na kuingia mtoni, itapanda au itadidimia? Eleza.
2. Chombo cha mfano wetu kikipakia tani 5 za mchele katika maji baridi, kitadidimia sentimeta ngapi?
3. Tani hizo 5 zipakiwe ngamani au sitahani? Kwa nini?