SOMO: Jenereta Yetu na Fundi Aliye Juu ya Nguzo



Joto la Garissa halingoji mtu. Stima ikipotea, chanjo zilizo ndani ya friji ya zahanati huanza kupata joto, na mama anayejifungua usiku hubaki gizani. Ndiyo maana misheni, shule na maduka mengi yamenunua jenereta, na ni vizuri. Katika somo hili tujifunze jambo moja tu: kutenganisha jenereta na stima ya nguzo, ili chombo cha kuokoa maisha kisije kikaua mtu.

HALI YETU

Kwa miaka mingi mji wa Garissa ulitegemea mitambo ya dizeli. Mwaka 2016 uliunganishwa na gridi ya taifa kwa laini ya kilovolti 132, na mwaka 2019 kituo kikubwa cha umeme wa jua kilifunguliwa karibu na mji. Wajir na Mandera ziliendelea na mitambo yao. Hata hivyo stima bado hupotea kila mahali, na jenereta bado zinahitajika.

HATARI IKO WAPI?

Transfoma ya kwenye nguzo hupunguza umeme kutoka volti 11,000 au 33,000 hadi 240 za nyumbani. Wengi hawajui kwamba transfoma hiyo hiyo hufanya kazi pande zote mbili. Ukiwasha jenereta iliyofungwa kwenye nyaya za nyumba bila kuzitenganisha na laini, umeme wako hutoka nje kupitia mita, huingia transfoma kinyumenyume, na unaweza kutokea upande wa pili ukiwa maelfu ya volti. Huko juu yuko fundi anayetengeneza laini, akiamini imezimwa. Naye pia ana watoto nyumbani.

Tena, stima ikirudi ghafla hukutana na jenereta inayonguruma. Jenereta inaweza kuungua, na moto karibu na mafuta hauna mchezo.

Njia mbaya kuliko zote ni ile waya yenye plagi pande zote mbili, upande mmoja kwenye jenereta, mwingine kwenye soketi ya ukutani. Ikichomoka, zile pini zilizo wazi zina umeme. Mtoto akizigusa, basi.

Wengine husema, "Si nitazima meinswichi kwanza?" Sawa, leo utakumbuka. Lakini je, usiku ule ambao wewe haupo na jenereta inawashwa na mlinzi?

MAMBO YA KUFANYA

1. Fungeni swichi ya chenjiova. Iwe na nafasi tatu: stima ya nguzo, katikati pa kuzima, na jenereta. Ni lazima iachie upande mmoja kabisa kabla ya kushika mwingine, na ikate nyaya zote mbili, ya moto na ya nyutro. Hapo hata aliyesahau hawezi kukosea.

2. Kila jengo liwe na swichi yake kuu. Katika misheni nyingi jenereta moja hulisha kanisa, zahanati na shule. Zahanati ikishika moto, mtu aweze kuikata pale pale, bila kukimbia hadi kibanda cha jenereta wala kutafuta ufunguo.

3. Jenereta yenyewe iwe na swichi ya kuikata karibu nayo, mahali panapofikika.

4. Jenereta iwe na ethi yake. Msitegemee ethi ya laini, kwa kuwa laini ikikatika huenda nayo ikakatika. Udongo wetu mkavu haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo fundi aende chini zaidi au aongeze vyuma, kisha apime kwa mashine.

5. Andikeni kibao penye meinswichi: "Jengo hili lina umeme wa njia mbili." Kama mna betri za sola na inveta, iandikeni pia.

6. Mwiteni fundi mwenye leseni ya EPRA, yaani Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli. Ombeni kuiona hiyo leseni. Kuona si kumdharau.

NENO LA MUNGU

Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza anayejenga nyumba aweke ukingo juu ya dari, ili asiwe na hatia ya damu mtu akianguka. Ukingo huwekwa kabla ya mtu kuanguka. Chenjiova ndiyo ukingo wetu. Gharama yake tuichange pamoja, kama tulivyochangia jenereta.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Jenereta ya kanisa au shule yetu imeungwaje? Nani ameiona kwa macho yake?
2. Kila jengo letu linazimiwa wapi? Je, mlinzi anapajua?
3. Nani tutamtuma kwa fundi wiki hii?