Namna ya Kupima Nguvu Inayoliwa na Mkokoteni Wako

Mpunga ukishavunwa kijijini Namawala, anayeutoa shambani kwa mkokoteni anajua kwamba kilo za gunia si habari yote. Mikokoteni miwili hubeba shehena sawa, mmoja ukaenda kwa raha, mwingine ukamtoa mtu jasho. Tofauti hiyo inapimika kwa mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoano mbili na mshale inayotumiwa na wanunuzi wa mazao. Iazime kwa nusu saa.

Chagua kipande cha njia tambarare, kikavu, cha hatua kama arobaini. Pakia mkokoteni kama siku zote. Funga ndoano moja kwenye mkokoteni, katikati ya mikono yake, na nyingine kwenye kamba. Mizani ikilala, mshale huenda ukahama, kwa hiyo urudishe kwenye sifuri kwanza. Kamba iende sambamba na ardhi, maana ikipanda juu utakuwa unavuta na kunyanyua kwa pamoja. Mnahitajika watatu: mmoja avute kamba, mmoja ashike mikono ya mkokoteni isianguke, bila kusukuma wala kurudisha nyuma, na wa tatu asome mizani.

Mkianza kuvuta, mshale utaruka juu. Namba hiyo iacheni. Subirini mpaka mwendo uwe mmoja, hatua kwa hatua, na mshale ubaki ukitikisika hapo hapo. Hiyo ndiyo namba ya kuandika.

Kwa nini hiyo? Wengi huamini kwamba mkokoteni ukitembea, basi anayevuta ameishinda njia. Isaac Newton alieleza mwaka 1687 kwamba kitu kinachokwenda kwa kasi isiyobadilika katika mstari ulionyooka, kani zinazokivuta huku na huku zimelingana kabisa. Kani ya ziada hutakiwa pale tu mwendo unapoongezeka, na ndiyo iliyourusha mshale mwanzoni. Tuseme umetulia kwenye kilo 8, yaani kama nyutoni 80. Basi ukinzani wa magurudumu na njia nao ni nyutoni 80, si 79. Mizani imekusomea kitu ambacho huwezi kukifunga ndoano.

Sasa vuteni tena kurudi mlikotoka, kwa mwendo uleule, kisha jumlisheni namba mbili na kugawa kwa mbili. Msiache hatua hii. Mwinuko wa mita 1 katika mita 20, ambao hulidanganya jicho kirahisi, huongeza kilo 10 kwenye mkokoteni wa kilo 200, na wakati wa kurudi hupunguza kilo 10 hizo hizo. Wastani unaufuta.

Ukipata namba yako, badilisha kitu kimoja tu. Jaza upepo matairi, pima. Safisha beringi na kupaka grisi, pima. Ukifanya vyote kwa mpigo hutajua kipi kimekusaidia. Kila kilo 1 inayopungua kwenye mshale inakuokolea karibu jouli 10 kwa kila mita, kama jouli 10,000 kwa kilomita.

Ndugu yangu mvuta mkokoteni, iandike namba hiyo kwa chaki ubavuni mwa mkokoteni pamoja na tarehe, upime tena baada ya wiki chache, njiani pale pale na kwa mzigo uleule. Ikipanda, anza na beringi.