Patro amefunga kampuni, nani atatulipa?

Mdogo wangu wa Kikula, hapa Likasi, barua yako nimeisoma. Patro amefunga milango, miezi mitano hamjalipwa, na jirani anawaambia: tulieni, Leta, yaani serikali, italipa. Mimi Yaya wako nakuomba usitulie.

Kuna nchi zenye mfuko maalumu wa kulipa mishahara kampuni inapofilisika. Ufaransa ilianza utaratibu huo kwa sheria ya 1973. Kwetu Kongo mfuko kama huo haupo. CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inahusika na pensheni na ajali za kazi. Mshahara ambao patro hakutoa haumo katika malipo yake.

Na sisi wa Likasi tumeshaonja ngoja-ngoja. Kampuni ya madini ya Gécamines ni ya Leta yenyewe, lakini kufikia 2003 wafanyakazi walikuwa wamekaa miezi na miezi bila mshahara. Zikaja zile départs volontaires, yaani kuacha kazi kwa hiari: Benki ya Dunia ikatoa pesa, watu zaidi ya 10,000 wakaacha kazi Likasi, Lubumbashi na Kolwezi. Wengi walisaini huku watoto wakiwa na njaa, wakaendelea kudai kilichobaki miaka na miaka. Kuna waliozikwa wakidai. Hao ni baba zetu. Ndiyo maana sitaki wewe ukae ukingoja.

Haki unayo. Sheria ya Kazi ya 16 Oktoba 2002 inasema kampuni ikifilisika, mshahara wa mfanyakazi unalipwa mbele ya madeni mengine yote, hata deni la hazina ya Leta. Lakini atakayelipwa ni yule aliyejitokeza kudai. Tena mshahara una muda wake: mwaka 1 tangu siku uliyopaswa kuupokea. Kila mwezi unahesabiwa peke yake, kwa hiyo mwezi wa kwanza ambao hamkulipwa ndio utakaopotea kwanza.

Basi wiki hii, kusanyeni karatasi: mkataba, bileti za malipo, kadi ya kazi, hata ujumbe wa simu ambao patro aliahidi kulipa. Andikeni barua ya kudai, mwezi kwa mwezi, franka kwa franka. Mpeni patro, naye asaini kopi kwamba ameipokea. Akikataa, msigombane mlangoni. Nendeni kwa inspekta wa kazi mkaandikishe malalamiko. Hatua hiyo inasimamisha ule muda wa mwaka 1 usiwakimbie. Inspekta atawaita pande zote mbili. Msipopatana, ataandika procès-verbal, yaani hati rasmi, ya kutopatana, na hiyo ndiyo inayowafungulia njia ya tribunali. Kama tribunali imeshamweka mtu wa kusimamia mali ya kampuni, mpelekeeni naye dai lenu mapema, kabla mashine na magari hayajauzwa.

Nendeni pamoja, na mjumbe wa sindika, chama cha wafanyakazi, akiwepo. Karatasi msiyoielewa msiisaini, hata ikiambatana na pesa kidogo. Ombeni kopi mkaisome nyumbani na mtu anayejua.

Nanyi mama zangu, mume akifariki deni la mshahara haliendi naye kaburini. Linabaki kwa warithi, kwa hiyo tunzeni bileti zake pamoja na vyeti vya watoto.

Na ofisini wakikwambia urudi kesho, mdogo wangu, mwombe aliyekupokea aandike tarehe na jina lake kwenye kopi yako, kisha siku hiyo ikifika, rudi.